Shemeji anaweka bastola mezani na watoto wapo. Niseme au ninyamaze?

BARUA

Mama mshauri, shikamoo.

Nasoma safu yako kimyakimya muda mrefu. Leo nimeona niandike kwa sababu jambo hili siwezi kumwambia mtu wa ukoo, na rafiki zangu karibu wote wanafahamiana na familia ya mume wangu. Naomba jina langu usiliweke.

Nina miaka 34, naishi Arusha na mume wangu na watoto wetu wawili. Wa kiume ana miaka 6, wa kike ana miaka 3. Mume wangu ni kitinda mimba kwao, na kaka yake mkubwa ndiye nguzo ya ukoo mzima. Baba yao alipofariki, mume wangu alikuwa bado shule ya msingi. Kaka huyu ndiye aliyembeba, akamlipia ada mpaka akamaliza chuo. Duka letu la vifaa vya ujenzi, mtaji wa kwanza ulitoka mfukoni mwake, na sehemu ya deni hilo bado tunalipa. Mwaka niliofanyiwa upasuaji wakati wa kujifungua mtoto wa pili, yeye ndiye aliyekuja hospitali usiku na fedha mkononi. Nataka ulijue hilo kwanza, usije ukadhani naandika habari za mtu mbaya.

Shemeji anafanya biashara ya madini. Miaka ya nyuma alivamiwa barabarani akitoka Mirerani, wakampora mzigo, wakamvunja mkono. Alipopona akaomba kibali, akakipata, akanunua bastola. Simlaumu kwa hilo. Kinachonitesa ni namna anavyoishi nayo.

Jumapili nyingi tunakula kwake. Akishaingia sebuleni anaichomoa kiunoni, anasema inamchoma akikaa, anaiweka juu ya meza ya kioo katikati ya rimoti, glasi na sahani ya karanga. Inashinda hapo. Mdomo wake unaangalia popote, mara kwenye TV, mara kwenye kochi walipokaa wageni. Akishakunywa kidogo anaanza kuionesha. Anatoa magazini, anaitupa kwenye kochi, halafu anawapa vijana wa ukoo waishike, nao wanapiga picha na kuziweka status. Siku moja mpwa wao mmoja alikuwa ameishika kidole kikiwa kwenye triga, na mdomo wake umeelekea mlango wa jikoni. Jikoni tulikuwa wanawake wanne tunapakua chakula. Nikasema, "Jamani, hicho kitu!" Wote wakacheka. Shemeji akaniambia, "Usiogope shem, haina kitu."

Mwaka mpya uliopita tulikuwa nyumbani kwao Moshi. Saa sita usiku alitoka uani akapiga risasi hewani. Watu wakashangilia. Mwanangu mdogo alilia mpaka akatapika.

Nimewakataza watoto wasisogelee ile meza, na nilidhani wananielewa. Lakini juzi mwanangu alichukua bastola ya plastiki ya mtoto wa jirani, akaipimapima mkononi, akasema, "Hii nyepesi. Ya baba mkubwa ni nzito." Nikamuuliza amejuaje. Akakimbia kwenda kucheza. Tangu siku hiyo silali vizuri.

Mume wangu nimemwambia. Anasema mimi sijui silaha, kaka yake ana kibali na alifundishwa, na kumsema ni kumvua nguo mbele ya watu anaowalisha. Wakati mwingine anasema, "Nitamwambia," halafu hamwambii. Mimi nimeanza kutoa visingizio vya Jumapili, mara mtoto ana mafua, mara nina kikao cha jumuiya. Mama mkwe ameshapiga simu kuuliza kama nina ugomvi na wenzangu.

Sasa Krismasi hiyo inakuja. Kama ilivyo kwa Wachaga, wote tunapanda Moshi, nyumba moja, watoto wote chini ya paa moja, vinywaji asubuhi mpaka usiku. Nimefikiria kwenda polisi bila mtu kujua. Lakini akinyang'anywa bastola halafu akavamiwa tena, nitaishi vipi na hilo? Na nikinyamaza, ikatokea la kutokea? Niseme nini, na nimwambie nani?

Mama Wawili, Arusha

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Umeandika habari za deni, za heshima ya mkubwa, za mume aliyebanwa katikati, za mama mkwe anayehisi umeanza kujitenga, na za polisi. Nitazigusa zote. Lakini katikati ya hayo kuna maneno ya mtoto wa miaka sita, kwamba ya baba mkubwa ni nzito, na mimi naanzia hapo, kwa sababu uzito hauonekani kwa macho.

Kabla hujazungumza na mtu mzima yeyote, zungumza na mwanao. Usimuulize "uliigusa?" kwa sauti ya kesi, maana mtoto wa umri huo akiinusa fimbo atasema hapana, na mlango utakuwa umefungwa. Kaa naye wakati mmetulia, labda unapomwogesha au anapokula, umwambie: uliniambia ile ya baba mkubwa ni nzito, hebu nisimulie, ilikuwa wapi? Umwache aongee. Huenda baba mkubwa mwenyewe alimpakata akamwekea mkononi kwa mapenzi, akidhani anamfurahisha. Huenda aliinyanyua mwenyewe pale mezani watu wazima wakiangalia mpira. Huenda pia amesikia tu binamu zake wakisema. Hayo ni mambo matatu tofauti, na kila moja linakupeleka kwa mtu tofauti. La kwanza ni uamuzi wa mtu mzima, na unazungumzwa na mtu mzima huyo. La pili lina maana kwamba sebule nzima ya watu wazima haikumwona mtoto akiwa na bastola mkononi, na hilo linawahusu nyote mliokuwapo, mwenye bastola akiwa wa kwanza. La tatu lina maana bado mna nafasi.

Atakachokujibu, msimulie baba yake kama kilivyo. Mpaka sasa umekuwa ukimwambia mumeo kwamba unaogopa, naye amekuwa akikujibu kwamba hujui silaha. Habari ya kilichotokea mkononi mwa mwanawe haijibiwi kwa maneno hayo.

Umesema umewakataza watoto wasisogelee meza. Umefanya vema, endelea. Ila usiliegemee katazo hilo peke yake. Mwaka 2001 madaktari wa Atlanta, Marekani, walichapisha utafiti walioufanya kwa wavulana wa miaka 8 hadi 12. Waliwaweka chumbani wakiwa wawiliwawili au watatuwatatu, na kwenye droo walikuwa wameficha bastola halisi isiyo na risasi, huku wakiwatazama kwa siri. Kati ya vikundi 29, vikundi 21 viliigundua. Katika vikundi 16 waliishika. Katika vikundi 10 kuna aliyevuta triga. Wengi wa walioishika walikuwa wameshafundishwa habari za usalama wa silaha, na karibu nusu ya walioiona hawakuwa na hakika kama ni ya kweli au ya kuchezea. Hao walikuwa wakubwa kuliko mwanao. Kumkataza mtoto ni jambo jema, lakini kinachomlinda ni silaha kutokuwepo mahali mkono wake unapofika.

Sasa hili la "haina kitu". Mumeo anasema hujui silaha, basi nikupe hili moja, usilitumie kuishika bali upate kusimama imara unapoambiwa usiogope. Bastola ya magazini inabeba risasi mahali pawili. Nyingine zimo kwenye magazini, ile inayochomolewa chini ya kishikio. Lakini moja inaweza kuwa imeshapanda juu, kwenye chemba, tayari kutoka. Ukichomoa magazini ukaitupa kwenye kochi, ile ya kwenye chemba haiondoki. Inabaki pale pale, na bastola nyingi zinaweza kuipiga hata kama magazini haimo. Anayetaka kuhakikisha anatoa magazini kwanza, kisha anavuta ile sehemu ya juu kurudi nyuma ili ya chemba iruke nje, kisha anachungulia na kupapasa ndani. Akigeuza mpangilio, akavuta kwanza ndipo akatoa magazini, risasi moja inaruka na nyingine inapanda kuchukua nafasi yake. Hapo mtu anaapa mbele za Mungu kwamba haina kitu, na anaamini kweli.

Kwa hiyo siwezi kusema shemeji yako alikuwa anakudanganya. Yawezekana alikuwa anaamini. Ndiyo sababu neno la mtu halitoshi katika jambo hili, hata awe mkweli namna gani. Oktoba 2021, kwenye uwanja wa kupigia filamu huko New Mexico, Marekani, mwigizaji Alec Baldwin alikuwa ameshika bastola aliyoambiwa ni salama. Filamu hiyo ilikuwa na mtu aliyeajiriwa kusimamia silaha. Ikatoka risasi ya kweli, ikamuua mpiga picha wa filamu hiyo, Halyna Hutchins. Sebuleni kwa shemeji hakuna hata huyo msimamizi, na kuna pombe.

Nikuulize kwa upole. Je, ni lazima uijue silaha ndipo uruhusiwe kusema? Wenyewe wanaoijua wana kanuni zao. Jeff Cooper, aliyekuwa mwanajeshi wa Marekani na ambaye mwaka 1976 alianzisha shule ya kulenga shabaha huko Arizona, alizifupisha zikawa nne, na leo zinafundishwa nchi nyingi. Kila silaha ihesabiwe kuwa ina risasi. Mdomo wake usielekezwe kamwe kwa kitu usichokuwa tayari kukiharibu. Kidole kikae nje ya triga mpaka umeshalenga. Na ujue unachokilenga pamoja na kilicho nyuma yake. Lipime tukio la jikoni kwa kanuni hizo, uone zimevunjwa ngapi kwa mara moja. Na mlango wa mbao hauzuii risasi ya bastola. Kwa hiyo ukisema, hutaleta woga wa kike kwenye mambo ya wanaume. Utakuwa unamrudisha shemeji kwenye masharti ya silaha yake mwenyewe.

Hebu sasa tumtazame yeye. Umemweleza vizuri, na nimekupenda kwa hilo. Ni mtu aliyevamiwa, akavunjwa mkono, akaporwa. Mtu wa namna hiyo akiiona bastola pale mezani pengine ndipo anapopumua. Na yawezekana kwamba baada ya muda imegeuka pia kitu cha kumpa uzito mbele ya vijana. Mtu anaweza kuwa na woga na majivuno kwa pamoja. Lakini nimesoma barua yako nikitafuta mahali ambapo mtu mmoja, hata mmoja, amewahi kumwambia ana kwa ana, akiwa hajanywa, bila watazamaji, kwamba hili linatutia hofu. Sijapaona. Naona watu wakicheka, naona watu wakishangilia, naona wewe ukiita "jamani" kutoka jikoni, naona mumeo akiahidi. Wewe na mumeo mmeshaamua kwamba atakasirika na atajiona amevuliwa nguo. Labda ni kweli, ninyi mnamjua. Ila mtu aliyekuja hospitali usiku na fedha mkononi, sina hakika kwamba akisikia mtoto wa mdogo wake ameshika bastola yake, kitu cha kwanza kitakachomjia kitakuwa hasira. Je, wewe una hakika?

Na kuna njia ya kuingilia ambayo haianzi na woga wako kabisa. Zile picha. Vijana wanapiga picha na bastola, wanaziweka status. Kila anayeziona anajua mzee huyu ana silaha, anajua sura ya sebule yake, na anajua kwamba Jumapili mchana huwa imelala mezani. Jambazi haogopi bastola iliyo mezani, anaitamani. Mfanyabiashara wa madini aliyewahi kuporwa ataelewa hoja hiyo haraka kuliko hoja nyingine yoyote, na mumeo anaweza kuifikisha kama mdogo anayemlinda kaka yake. Ndiyo maana nataka ulitazame upya lile swali lako, kwamba akinyang'anywa halafu akavamiwa utaishi vipi. Bastola iliyo karibu na rimoti, mwenyewe akiwa amekunywa, inamlinda nani?

Kuhusu mumeo, nina neno la kumtetea. Unaona kimya chake kama kutojali. Mimi nasikia mtu ambaye kila akifungua mdomo mbele ya kaka yake anakumbuka ada. Aliyesomeshwa na mtu hukua akijiona hana haki ya kumkosoa, na deni la duka limeongeza kufuli juu ya kufuli. Ukimwendea kwa "mbona humwambii kaka yako", utakuwa umemgusa kwenye kidonda, naye atajikinga. Jaribu kumuuliza anaogopa nini hasa. Kwamba kaka atadai fedha zake kesho? Kwamba ukoo utasema mke wake anamwendesha? Mwache aseme. Huenda hajawahi kulisema hata kwake mwenyewe. Halafu mwulize angetaka wewe ufanye nini siku utakapomkuta mtoto ameishika. Usimpe jibu wewe. Ngoja alitoe yeye.

Inaweza kumchukua muda, na Krismasi haisubiri. Kwa hiyo tuangalie na watu wengine. Mke wa shemeji, yule wanao wanamwita mama mkubwa, hukumtaja hata mara moja. Yeye ndiye anayelala na bastola hiyo nyumba moja. Anajua usiku inawekwa wapi, chini ya mto, juu ya kabati, au ndani ya kitu chenye kufuli. Huenda naye amechoka kuwa peke yake na hofu hiyo, akakupokea kama ndugu. Huenda pia akaona unakuja kumfundisha nyumba yake. Ukienda kwake, nenda kwa swali, si kwa lawama: dada, wewe unafanyaje watoto wakiwa wengi? Kisha msikilize. Kama mtaelewana, kuna ombi dogo mnaloweza kulibeba pamoja, kwamba wageni wakifika iwekwe ndani ya sefu ndogo ya chuma yenye kufuli, ufunguo abaki nao mwenyewe, na risasi zitunzwe mbali nayo. Ninyi mna duka la vifaa vya ujenzi. Mumeo anaweza kumpelekea kaka yake sefu ya kufunga ukutani, amfungie mwenyewe kwa mikono yake. Kwa mwanaume asiyejua aanze vipi mazungumzo, kuchimba tundu nne ukutani akiwa na kaka yake pembeni kunaweza kuwa rahisi kuliko kumketisha. Hatari yake ni kwamba sefu itabaki pambo na bastola itarudi mezani. Hapo itabidi maneno yasemwe.

Mama mkwe naye usimwogope haraka. Kwa sasa anadhani una ugomvi, kwa sababu umempa mafua na vikao vya jumuiya. Visingizio vimekulinda Jumapili kadhaa, lakini vinakujengea sifa ya mkwe anayejitenga, na siku ukisema ukweli watu watauliza mbona hukusema mapema. Katika ukoo huo, mama ndiye mtu pekee anayeweza kumwambia mwanawe "weka hicho kitu ndani" mbele ya watu wote, na hakuna atakayeona kwamba mtoto wake amevuliwa nguo. Tatizo ni kwamba ukishalikabidhi kwake huliongozi tena. Atalisema kwa namna yake, pengine kwa kukutaja. Unamjua, pima.

Kuna na wewe mwenyewe. Unaweza kumwambia shemeji moja kwa moja, na sidhani heshima inakukataza. Saa ndiyo muhimu. Mwambie mnapofika, mnaposalimiana, glasi haijajazwa: "Shemeji, naomba leo iwekwe chumbani, watoto wamekuwa wengi na huyu wangu ameshaanza kuijua." Sema hilo tu, usihutubie. Akikubali, mshukuru, yaishe. Akicheka, na bastola ikabaki mezani, wachukue watoto mtoke nje ya chumba hicho, bila kelele na bila kurudi mpaka iondolewe. Usijaribu kuichukua, usijaribu kuificha, usimwambie kijana mwingine aitoe risasi. Na ukikuta imeshaanza kuzungushwa mikononi huku watu wamekunywa, hiyo si saa ya mabishano. Ondoka na watoto, uwaite na wa wenzako. Hakuna anayeweza kukulazimisha kubaki mbele ya mdomo wa bastola kwa ajili ya adabu.

Moshi ni habari pana zaidi kwa sababu huwezi kutoka chumba kimoja ukamaliza kwa siku zote hizo. Kuna familia zinazopanda kwa siku moja ya ibada na ndafu, jioni zinateremka mjini kulala kwa ndugu mwingine. Kuna mume anayetangulia peke yake akaweka mambo sawa kabla ya mke na watoto kufika. Kuna kutokwenda kabisa. Kila moja lina gharama yake. Usipokwenda, wanao watakuwa salama, lakini watoto wa wengine watakuwa bado wanazunguka ile meza, na watu watajaza sababu zao wenyewe kuhusu kutokuwepo kwako. Ukienda bila makubaliano yoyote, utashinda siku zote hizo ukilinda mlango. Na hilo la kupiga hewani usiku wa mwaka mpya naomba mlizungumze kabla, kwa jina lake, lisichanganywe na mengine. Risasi iliyopigwa juu inarudi chini, na aliyepiga hachagui itakapoangukia. Mwaka 1999 huko Phoenix, Arizona, msichana wa miaka 14 aliuawa na risasi ya namna hiyo akiwa uani kwao, na mwaka uliofuata jimbo hilo likatunga sheria kali juu ya kufyatua ovyo. Migombani kwenu nyumba zimepakana, na usiku huo kila ua umejaa watu.

Nimeacha polisi mwisho, lakini sikatai njia hiyo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inatoa leseni kwa mtu na silaha yake, kwa masharti. Vijana wanaoipokezana sebuleni hawamo kwenye leseni hiyo. Kanuni ya Adhabu nayo inalo kosa la kutenda kwa uzembe unaohatarisha maisha ya watu. Kwa hiyo usijione msaliti kwa kulifikiria. Unaweza kuanza kwa kuuliza tu, bila kutaja jina la mtu, kwa polisi kata au kwa dawati la jinsia na watoto kituoni: mwenye kibali anatakiwa atunze vipi silaha nyumbani penye watoto, na mtu akiona haitunzwi afanye nini? Majibu yao yatakupa maneno ya kutumia ndani ya familia, hata kama hutafika mbali zaidi.

Ukiamua kutoa taarifa kamili, jua kwamba siri hizi mara nyingi huvuja, kwamba leseni inaweza kufutwa, na kwamba ukoo unaweza kukukasirikia kwa miaka, mumeo akiwamo ikiwa hukumshirikisha. Deni linaweza kudaiwa kwa mkupuo, kwa hiyo hata leo si vibaya mkakaa na daftari mkajua limebaki kiasi gani. Lakini kuna hali ambazo kwangu mimi binafsi zingeinamisha mizani upande wa kutoa taarifa: akimwelekezea mtu, hata kwa mzaha, ikibainika kwamba anawapa watoto waishike, au akiambiwa waziwazi na watu anaowaheshimu akaendelea kupiga hewani akiwa amelewa. Ikifikia hapo, kungojea mumeo awe tayari kunaweza kuwa kungojea kwa muda mrefu mno. Hiyo ni mizani yangu. Wewe ndiye uliye ndani ya nyumba hizo, unawajua watu hao kwa majina na tabia, na utaona mambo ambayo barua haiwezi kunionesha.

Ukishazungumza na mwanao, na ukishajua bastola hiyo inalala wapi usiku, niandikie tena kabla hamjapanda Moshi. Majibu ya maswali hayo mawili yanaweza kubadilisha mengi niliyokuandikia.